Tovuti Ishirini na Nne za Nyumba Moja

Mama mdogo alikuwa na nyumba ya wageni Shangani, Mtwara, vyumba sita tu. Gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kuwasha taa za mji, wageni wakaongezeka, naye akaniomba nimtengenezee tovuti. Nilimshirikisha mwalimu mmoja wa kompyuta, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa kwetu. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe.

"Tovuti moja haionekani," aliniambia. "Tuweke ishirini na nne, kila moja na namba yake ya anwani ya mtandaoni, ile IP. Zikikaa kwenye namba moja, mashine ya utafutaji itajua ni za mtu mmoja, itazishusha chini kwenye matokeo."

Nilikuwa nimesoma kwamba tovuti mia zaweza kukaa kwenye namba moja bila dhara, na kwamba namba zenyewe zinaelekea kwisha duniani. Hata hivyo nikafuata alivyosema. Kampuni iliyotuhifadhia kurasa ilipouliza namba zote hizo ni za nini, mwalimu alisema tujibu kuwa ni biashara ishirini na nne tofauti. Barua niliichapa mimi.

Kurasa zote zilikuwa zilezile. Chini yake nikaweka maneno meupe juu ya weupe, yasomwe na mashine tu: gesi, ajira, kiwanda cha Madimba, kambi ya wafanyakazi. Sikujua kwamba mtu akitafuta kazi, mashine humwonyesha maneno hayohayo, meusi kabisa, na jina la mtaa wetu pembeni.

Wa kwanza alitoka Masasi na vyeti ndani ya bahasha. "Shikamoo mama. Ofisi ya ajira ya gesi ndiyo hapa?" Mama mdogo alicheka, akampa chai. Juma lililofuata wakaja wawili kutoka Tunduru. Hakucheka tena.

"Mwanangu, mmeandika nini huko?"

Nilimwendea mwalimu, nikamwambia tuyafute. "Usiguse," alisema. "Ndiyo kwanza tunapanda juu kwenye matokeo." Sikugusa.

Baada ya mfungo wa Ramadhani alikuja mama mmoja amembeba mtoto mgongoni. Alikaa barazani bila kukaribishwa, akakunjua karatasi iliyochapwa kwenye duka la intaneti. Ulikuwa ukurasa wetu.

"Mume wangu aliaga anakuja hapa," alisema. "Mwezi wa pili huu."

Tulikipekua kitabu cha wageni mara tatu. Jina la mumewe halikuwamo. Nilimsindikiza polisi, kisha hospitali, kisha bandarini. Kila mahali aliitoa ile karatasi, nami nikasimama kando kama mpita njia. Sikumwambia nani aliyeandika.

Jioni ile niliyafuta maneno yote. Nilikuwa nimechelewa: siku chache baadaye tovuti zote ishirini na nne zilitoweka kwenye matokeo ya utafutaji, hata ile yenye jina halisi la nyumba. Mwalimu alisema kosa ni kwamba namba zetu zilifuatana mno, tungenunua zilizotawanyika. Nilimtazama usoni nikaona anaamini.

Yule mama alirudi kwao kwa basi la asubuhi. Aliniachia namba ya simu ya jirani yake, nimpigie nikisikia lolote. Sijasikia lolote, na sijawahi kupiga.