Midomo ya Matarumbeta Niliyoikereza Njombe na Makambako

Siku niliyoanza kazi katika karakana ya misheni pale Njombe, ukungu ulikuwa bado umelala barabarani na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Fundi Mkuu hakunionyesha mahali pa kukaa. Aliniwekea kiganjani kipande cha shaba ya njano, kipana juu na chembamba chini, akaniamuru nitie kidole ndani.

"Umekuta nini?"

"Shimo, Fundi."

"Shimo! Hata panya ana shimo. Nakuuliza, la namna gani?"

Mafundi wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, huyu katoka Wanging'ombe. Kwao shimo ni la kupandia viazi tu."

Sikucheka. Nilitia kidole mara ya pili, polepole, nikasema kwamba kuta zinateremka kwa mviringo, kisha ghafla kuna ukingo mkali, halafu tundu jembamba. Fundi Mkuu akageuka kwenda kwenye mashine yake. "Kesho uje mapema," akasema. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Sikuingia darasani hata siku moja. Haya nayatamka na mjukuu wangu anayaandika, na nimemkataza kuyapamba.

Kijana anayetaka kuelewa kazi hii na ajue kwanza kwamba tarumbeta halilii lenyewe. Kinacholia ni midomo ya mtu inayotetemeka, na kile kipande cha shaba anachokibusu, ambacho nacho tulikiita mdomo, ndicho kinachoupa mtetemo huo sura. Sehemu ya juu inayogusa ngozi ni ukingo. Ndani yake mna kikombe, na chini ya kikombe mna koo, yaani tundu linalopitisha pumzi. Kwa nje midomo yote hufanana. Tofauti imo ndani, mahali ambapo jicho halifiki vizuri.

Kwa sababu hiyo Fundi Mkuu alitufundisha kuyeyusha mshumaa. Unapaka kikombe mafuta kidogo, unaziba koo kwa udongo, unamimina nta, unasubiri igande, kisha unaigonga itoke. Unachoshika hapo ni ule uwazi wa ndani uliogeuka kuwa kitu. Tulizipanga nta hizo dirishani na kuzilinganisha. Nta ya tarumbeta dogo ilikuwa fupi na ya mviringo, kama bakuli lililofunikwa. Mdomo wa namna hiyo hutoa sauti kali inayofika mbali. Nta ya pembe ya alto, chombo cha sauti ya pili, ilikuwa ndefu na iliyochongoka kama pia wanayochezea watoto, kwa maana kikombe chake ni faneli. Hutoa sauti nzito, laini, isiyo na haraka. Nta ya besi ilijaa ngumi.

"Bakuli husema," Fundi Mkuu alizoea kutuambia, "faneli hunong'ona. Usimpe mnong'onaji kazi ya kupiga mbiu."

Nilikereza midomo, shaba ikizunguka mashineni nami nikiichonga, miaka mingi chini yake. Nilipelekwa Tandala kukarabati vyombo vya kanisa, nikarudi, kisha Msimamizi wa Karakana akanihamishia Makambako, kwenye kibanda chenye mashine moja. Huko ndiko mke wangu Yusta alipojiunga na matarumbeta ya usharika, akapewa pembe ya alto.

Baridi yetu mnaijua. Wapigaji walitembea na midomo yao kwapani ili ipate joto, maana shaba baridi hupasua ngozi. Hata hivyo Yusta alirudi kila Jumapili akiwa amechanika.

"Baba Eliasi, huu mdomo wako unaning'ata."

"Si wangu. Ni wa kanisa."

"Basi kanisa linaning'ata. Litengenezee meno mengine."

Nilimkerezea mdomo mwingine. Ukingo niliupanua ukawa bapa, na faneli niliichimba kwa kina kuliko zote nilizowahi kuzitengeneza, kwa sababu pumzi yake ilikuwa ndefu na haikupenda kubanwa. Kiongozi wa Matarumbeta alipousikia alikuna kidevu. "Mama Eliasi sasa anapiga kama mtu anayemfunika mtoto blanketi," akasema. Mimi nilikuwa nikikaa nyumbani nikinoa vyuma, nao wakifanya mazoezi ng'ambo ya barabara kuu, na katikati ya malori yanayopanda kwenda Mbeya na yanayoshuka kwenda Iringa niliweza kuichambua sauti ile moja, nikajua mke wangu yuko wapi.

Kibanda kilifungwa, mashine ikauzwa, nikastaafu. Baadaye Yusta akafariki.

Usharika wetu una desturi yake. Mpigaji anapozikwa, sauti yake haipigwi. Wenzake hupiga zilizobaki na kuiacha nafasi wazi. Pasaka inayofuata, alfajiri, matarumbeta huanzia kwenye kaburi lake, na hapo sauti zote lazima ziwepo. Sauti ya alto alipewa Neema, binti anayeuza parachichi njia panda. Wiki chache kabla ya Pasaka, Kiongozi alikuja naye nyumbani.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Kaeni."

Kiongozi hakuzunguka. Mdomo wa Yusta, aliokabidhiwa pamoja na pembe, ulikuwa unamshinda Neema. Pumzi ilimwishia katikati ya ubeti na sauti ikashuka. Ule wa kwanza wa kanisa ulikwisha kupotea, na shaba ya kutengenezea mwingine alikuwa ameitafuta hadi Njombe, hakupata. Palikuwa na njia moja, nayo tuliijua sote: kuukata ukingo ili kikombe kiwe kifupi, na kuzichimba kuta za faneli hadi iwe bakuli. Shaba ikishaondoka hairudi.

"Babu, ukikataa sitakasirika," Neema akasema. "Nitapiga hivihivi. Nitaaibika mimi, si wewe."

"Piga nisikie," nikamwambia.

Nitasema wazi nilichokitaka. Nilitaka niisikie ile sauti. Niliamini imekaa mle ndani, katika umbo nililolichimba kwa mkono wangu, na kwamba mtu yeyote akipuliza itatoka. Neema aliutoa mdomo kwapani, akapiga. Ilitoka sauti ya binti aliyechoka. Nikamwambia arudie, akarudia hadi machozi yakamlenga, na Kiongozi akaniambia kwa upole, "Mzee, inatosha."

Niliuchukua mdomo nikaenda karakana ya mtaani, kwa kijana anayekereza bushi za malori, nikaiomba mashine yake. Alitaka kunisaidia, nikamwambia akae mbali. Nilikata ukingo, nikauviringisha upya, nikazichimba kuta. Vumbi la shaba lilinidondokea viatuni. Sikulikusanya.

Vijana huniuliza kama naikumbuka kazi. Mashine siikumbuki, zipo nyingine zilizo bora. Ninachokitamani ni kukaa mlangoni na kumtambua mtu kwa pumzi yake, nami nikijua kipimo cha kila kitu inamopita.

Alfajiri ya Pasaka umande ulikuwa baridi kama barafu juu ya majani. Tulisimama kaburini kwa Yusta, wapigaji wakatoa midomo makwapani. Neema alipiga ubeti wote bila kukatika. Sauti yake ilikuwa kali, safi, ikavuka barabara na malori yake. Niliisikiliza hadi mwisho, kisha nikaendelea kusikiliza walipokuwa wamekwisha kushusha vyombo.

Kiongozi akanisogelea. "Mzee, iko sawa?"

"Koo linabana kidogo kwenye noti za chini," nikasema. "Kesho kutwa aje, nilipanue."