Miche ya Migunga ya Yeyo

Migunga ikichanua, harufu yake tamu huniinua kitini. Siwezi kukaa. Nakuwa tena binti mdogo chini ya Meru, upande wa Lemara, enzi Wajerumani wakijenga boma lao.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Askari walimchukua akabebe mawe ya boma, kisha wakarudi kukata migunga aliyotundikia mizinga, wapate kuni za kuchomea chokaa. Nyuki wakahama. Tangu hapo yeyo, ndivyo tulivyomwita mama, hakutulia. Ataanza kukamua, aache, atoke kutazama njia. Mbwa akibweka, anasimama.

Halafu akaanza kuokota mbegu za mgunga kwenye mavi ya mbuzi. Alizilowesha kwenye maji ya moto, akazifukia palipobaki visiki.

"Nani anapanda miiba?" shangazi alimcheka. "Si inajiotea?"

"Basi naisaidia," yeyo alijibu, akaendelea kuchimba.

Mvua zikakatika. Mahindi yalikauka yakawa yanachakarika kama karatasi, lakini miche ilibaki kijani. Kazi yangu ilikuwa kuikinga na mbuzi. Wenzangu, mbuzi hawachoki! Mimi nilichoka hadi kulia.

Baba alirudi jioni moja, amekonda, shuka limemfunika mabega, na kinywani ana Kiswahili alichookota kazini. Sisi hatukukijua. Akaitazama miche iliyonifika magotini, akacheka kidogo, akasema kwa lugha ile ngeni:

"Mama amepanda. Mimi sitapanda tena."

Yeyo akatabasamu. Nami nikatabasamu, nikidhani anatusifu.

Miaka ikapita, migunga ikawa miti. Ndege wakafuma viota, twiga wakaja kung'wafua majani, nyuki wakarudi kwenye maua. Asubuhi moja yeyo alijifunga shuka kiunoni, akachukua kamba na mzinga, akapanda mwenyewe. Wanawake hawakufanya hivyo kwetu. Shangazi alifunika uso. Baba alisimama chini akielekeza, "Kushoto! Juu kidogo!" Nilidhani ni kule kutotulia kwa yeyo tu.

Nilikuja kujifunza Kiswahili ukubwani, nikiuza ndizi sokoni Arusha. Siku moja maneno ya baba yakanirudia, nikabaki nimeshika mkungu mkononi. Mche hupandwa, na mti hupandwa. Bega lake lilikuwa limevunjikia kwenye mawe yale, naye alitafuta lugha ya kulisema bila kumvunja mkewe moyo.

Yeyo hakuhitaji kutafsiriwa. Bega lile aliliona jioni ileile, chini ya shuka.