Kamati ya Mto wa Mzee Ravi

Tangu ujana Ravindra aliuza vitasa, kufuli na bawaba katika duka la Mchafukoge lenye upana wa mtu mmoja na nusu, na yeye ndiye huyo mmoja na nusu. Nusu ya milango ya Ilala inafungwa kwa mali yake. Labda ndiyo maana, daktari alipomwambia kwamba goti litapasuliwa mwezi ujao na baada ya hapo asahau kuketi amekunja miguu, alitamani kitu kimoja tu: kupiga kafi, walau mara moja, kwenye mto usiofungwa na chochote.

Mto aliupata. Uko msituni, ng'ambo ya Ifakara, haujawahi kuona bwawa. Mwenye mtumbwi alimwambia kwenye simu, "Njoo kabla mvua hazijakolea, bosi. Zikikolea, huu si mto tena, ni kesi."

Akaanza mazoezi juu ya paa la ghorofa lao, kati ya matangi ya maji, amekaa ndani ya beseni la kufulia, fagio mkononi. Mkewe, Nayna, alipanda kuanua nguo, akamtazama.

"Baba Megha, umefika wapi?"

"Niko kwenye kona."

"Ukirudi, beseni langu nalihitaji."

Kosa la Ravindra ni kumwambia Sadalla. Sadalla, wakala wa kutoa mizigo bandarini, hawezi kuona wazo la mwenzake likipita uchi asilivalishe kamati. Jioni hiyo hiyo kundi la WhatsApp likazaliwa: Sadalla mwenyekiti, Jovitha wa vitenge vya Kariakoo katibu na mkuu wa sare. Bongo hatuna shughuli ndogo. Tuna shughuli ambazo bado hazijapata mwenyekiti.

Kikao cha kwanza kilipitisha rangi ya kitenge. Cha pili kikaitengua. Kilichofuata kikamtafuta MC.

"MC wa nini?" Ravindra akauliza. "Mto una kelele zake."

"Mzee Ravi, kwanza shikamoo," Jovitha akasema. "Wewe hapa ni kama bibi harusi. Kazi yako kupendeza, mengine tuachie."

"Tunaondoka lini?"

"Tarehe iko kwenye kamati ndogo," Sadalla akajibu, kwa sauti ya mtu anayeongelea mgonjwa aliyelazwa.

Mvua zikaanza kule bara. Mwenye mtumbwi akapiga tena: maji yanapanda, bosi, mwisho ni Jumapili hii.

Jumamosi kamati ikafanya sendofu, sherehe ya kumuaga. Nyuma ya meza kuu lilitandazwa turubai la bluu, ndiyo mto. Keki ilikuwa na umbo la mtumbwi. Ndafu, mbuzi wa kuchomwa, aliingia akiwa mzima mezani, na Ravindra, ambaye hajawahi kuonja nyama, akakabidhiwa kisu amkate. MC akamwita nahodha. Wajumbe wakaserebuka na makafi ya plaiwudi, wamependeza kweli. Kisha Sadalla akashika maiki.

"Ndugu wajumbe, shughuli imefana. Kilichobaki ni kikao cha tathmini na kuvunja kamati."

Ravindra akasimama; goti likalalamika. "Na mto?"

Ukumbi ukamtazama kwa heshima, kama watu wanavyomtazama mzee akiweweseka.

"Mzee Ravi," Sadalla akasema kwa upole, "usituharibie shughuli. Mto haukimbii."

"Kazi yake yote ni kukimbia, Sadalla. Haujaajiriwa kwa kingine."

Wakacheka sana, wakampigia makofi, MC akaongeza muziki. Ravindra akatoka kupitia mlango wa jikoni, ambao kitasa chake alikiuza mwenyewe. Nje, Nayna alikuwa ameshawasha gari, bado yuko ndani ya sare ya kitenge. Kiti cha nyuma kilijaa: begi, hotipoti ya thepla, zile chapati za safari, na lile beseni.

"Beseni la nini?"

"La kuchotea maji, mtumbwi ukivuja. Panda, kabla hawajaunda kamati ya kukutafuta."