Juba: niliambiwa "hawa nakuja", nikamfungia mke wangu kwenye karavani kando ya mto

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi humu ni msomaji tu, huwa nakula nyuzi za wenzangu na kupita kimya. Leo natoa yangu. Sitatia chumvi, kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.

Ilikuwa Juba, miaka ile ya CPA, ule mkataba wa amani wa Sudan. Vita imeisha, kila mwenye spana anakimbilia kule. Mimi ni fundi friji na AC, mtu wa Mwanza. Kazi zilikuwa nje nje, nyumba ndiyo hakuna. Watu wazima na heshima zao walikuwa wanalala kwenye mahema na makontena.

Mimi bahati iliniangukia. Kampuni moja ya kuchonga barabara ilihama ikaacha karavani lake chakavu kando ya Nile, mbele kidogo ya bandari. Msimamizi wao nilikuwa nimemfufulia friji lake, akaniambia kaa humo, angalau lisigeuke gofu.

Basi nikawa na nyumba ya magurudumu. Kitanda, jiko la gesi, kachoo ambako hakafanyi kazi.

Umeme wa kuvuta haukuwepo. Nikaweka solar juu ya paa na betri za lori kwenye boksi nje. Maji tulichota mtoni, tunatia shabu yatulie, halafu tunachemsha. Mbele nikafunga turubai kubwa kama baraza, upande mmoja kwenye paa la karavani, upande wa pili kwenye nguzo. Jioni nakaa pale na kikombe cha chai najiona mwekezaji.

Sasa tuje kwenye lugha.

Kiarabu cha Juba kina maneno kibao yanayofanana na ya kwetu, na hapo ndipo kichwa kilinivimba. Kwa mfano Nile wao wanaita bahar. Nikapiga simu ukweni nikasema binti yenu anakuja kuishi ufukweni. Rehema, mke wangu, akatua Juba na kanga mpya za kutembelea pwani. Akakuta maji ya kahawia, magugu yanaelea, na watu wanaosha pikipiki. Alininunia siku nzima.

Alikuja msimu wa upepo, ule wa kabla ya mvua. Kila mchana unavuma. Vumbi linaingia hadi kwenye ugali, turubai linapiga makofi, karavani linayumba kidogo kama kuna mtu anapanda ngazi. Nilishaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi, na jeki kwenye pembe zote. Tukazoea, tunakula huku tumeshikilia sahani.

Kilichokuwa kinatunyima raha ni watu. Wiki hiyo walikuja jamaa wawili, mmoja kavaa gwanda, wakasema kiwanja kina mwenyewe, tuondoke kwa hiari kabla hawajarudi na wenzao. Juba ya wakati ule ukiambiwa hivyo huwezi kujua kama ni mkwara au ni kweli. Rehema akawa analala jicho moja wazi.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Keji, mama wa Kibari, kabila la wenyeji wa pale, mwenye bustani ya mboga pale ukingoni. Wakati wa vita alikimbilia Uganda, akarudi na Kiswahili cha kule, kile cha mimi iko, wewe iko. Kikimpungukia anachomeka Kiarabu. Mama mwema kabisa, mboga zetu zote zilitoka kwake bure.

Mchana mmoja Rehema yuko kitandani na malaria, ndio kwanza ameanza dawa, kusimama kwenyewe ni kwa kushika ukuta. Mama Keji akaja mbio, jembe bado liko mkononi.

"Baba, toka hapa," akasema. "Hawa iko nakuja."

"Hawa wamefika wapi, mama?"

"Nakuja na bahar. Hawa kubwa. Hawa mbaya sana. Beba bibi yako, toka."

"Wako wengi?"

Akanitazama kama anayejiuliza kama niko timamu. "Iko mingi," akasema, akakimbilia mbuzi wake.

Wakuu, mimi nikaunganisha. Hawa wanakuja. Wakubwa, wabaya, wengi, na wanakuja kwa njia ya mto. Nikajua wale jamaa wamepanda boti.

Nikaingia ndani nikamweleza Rehema. Kumbeba hadi barabarani ni mwendo mrefu, wangetukuta njiani. Mtaa wa Munuki, huko mjini, nilikuwa na rafiki yangu Mganda, Okello, mwenye lori. Tukaamua nimfuate aje alivute karavani lote tuhame nalo.

Rehema mwenyewe akasema, "Nifungie kwa nje na kufuli. Wakiona kufuli watajua hakuna mtu, watapita. Mimi nitakaa kimya." Nikaona mke wangu ana akili kuliko mimi.

Nikatoa mawe yote kwenye matairi, nikashusha jeki, ili Okello akifika ni kuchomeka na kuvuta. Nikafunga kufuli. Ufunguo nikatia mfukoni, nikachomoka. Simu hazikuwa zinashika siku hiyo, jambo la kawaida kule.

Nikapata boda, kijana wa Kiganda. Kabla hata hatujaifikia Munuki akapunguza mwendo.

"Boss, mimi narudisha wewe. Hawa nakuja."

Nikamwambia najua, ndiyo maana nina haraka.

"Sasa wewe nakimbia wapi? Hawa inafika kila pahali."

"Kwani wako wapi?"

Akanyoosha kidole juu. "Si hiyo hapo."

Nikageuka. Upande wa kusini mbingu haikuwepo. Kulikuwa na ukuta wa vumbi jekundu, kutoka chini hadi juu, unakuja.

"Ule upepo?" nikamuuliza.

"Eh. Hawa."

Yaani sisi tuna hewa, wao wana hawa. Kumbe kila mtu Juba nzima alikuwa anaongelea upepo, mimi peke yangu na mke wangu ndio tunasubiri maadui. Nikakumbuka mawe niliyoyatoa. Nikashika mfukoni, ufunguo upo. Nikamwambia kuna mgonjwa nimemfungia ndani huko mtoni. Yule kijana akageuza pikipiki.

Ukatukuta karibu na bandari. Mabati yanaruka kama makaratasi, macho hayafunguki. Pikipiki ikalala chini. Nikainuka nikakimbia, naifuata kelele ya maji.

Nilipofika pale kwetu, pale kwetu hapakuwepo.

Turubai lilikuwa limejaa upepo likalivuta karavani, na matairi hayana cha kuyazuia. Lilikuwa limeteremka ukingoni likalalia ubavu ndani ya mto, upande wa mlango chini. Maji yanalisukuma. Mama Keji na wapagazi kadhaa wa bandarini walikuwa wamefunga kamba kwenye chuma cha kuvutia, wanang'ang'ana nayo.

Na wapagazi walikuwa wameanza kuilegeza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama Keji alishaenda kugonga kabla, akakuta kufuli, hakuna jibu. Kwao lile lilikuwa bati tupu linalotaka kuwazamisha wanaume wazima.

Nikapiga kelele kwa Kiswahili, upepo ukaimeza. Kiarabu changu chote kilinitoka, yakabaki maneno machache tu. "Mara tai fi juwa!" Mke wangu yumo ndani.

Mama Keji ndiye aliyesikia. Akajizungushia kamba kiunoni akaketi chini kwenye tope, akawafokea wale wanaume kwa Kibari hadi mikono ikarudi kwenye kamba. Na hapo ndipo tukasikia kitu kinagonga kutoka ndani.

Wakavuta mpaka likanasa kwenye matope. Nikapanda juu ya ubavu, ufunguo hauna kazi, mlango uko chini ya maji. Nikavunja dirisha kwa jembe la Mama Keji. Rehema alikuwa amesimama juu ya kabati, maji kifuani, anatetemeka. Nilimshika mkono nikaanza kulia mbele za watu, na sioni aibu kusema.

Karavani tuliliachia baadaye. Solar yangu ikaelekea Khartoum bila mimi.

Tukalala kwa Mama Keji. Rehema alipopata nguvu nikamuuliza kwa nini hakujibu alipogongewa.

Akasema alimsikia Mama Keji anapiga bati na kuita, "Hawa! Hawa!" Akajua ndiyo wameshafika, anaonywa asitoe sauti. Akauma kanga. Karavani lilipoanza kutembea akajua ni wao wanalisukuma. Maji yalipoingia akasema bora yamfike kifuani kuliko wajue yumo. Aligonga aliposikia sauti yangu.

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi, na mpaka leo nikiyawaza nashtuka upya.

Nilichojifunza, ugenini neno unalolifahamu ndilo la kuuliza mara mbili. Usilolijua utaliuliza tu, huna ujanja. Na mtu akiwa ndani, kufuli ya nje usiiguse, sababu yoyote iwe.

Mliopita Juba enzi zile, au popote neno lilipowahi kuwaponza, shusheni vyenu hapa tusome.

Ila anayetaka kumlaumu Mama Keji apite kando. Mikono yake ilichunika kwa kamba ile. Yeye alituambia upepo unakuja, na upepo ukaja.