Uzito wa Jina Osengen

Oddleiv Osengen alizaliwa, akafuga kondoo na kumzika mkewe katika shamba lililompa jina lake la ukoo, pale mto unapoingia kwenye hori la bahari. Os ni mdomo wa mto. Engen ni konde la majani. Wenyeji huyatamka maneno hayo mawili kwa pumzi moja, wakilitwika la kwanza uzito wote, na la pili hufuata nyuma kwa upole. Hata mtoto mdogo wa huku halikosei.

Kiharusi kilimwachia Oddleiv miguu yake na akili timamu. Kilichomnyang'anya ni mahali pa kulikata neno. Alilikata mapema mno, kisha akaubebesha uzito mwisho wake: O-sengen. Na sengen kwao ni kitanda.

"Kitanda tena?" dada yake Gunnvor alimtania akimmiminia kahawa. "Mchana wote huu, kaka? Wenzako wanakata majani."

"We nyamaza," akajibu, akicheka.

Muuguzi wa wilaya hakucheka. "Mzee Oddleiv, unaishi peke yako. Ukianguka, lazima upige simu kituo cha dharura na waelewe ulipo. Wakikuelewa, utabaki kwako. La sivyo, kuna chumba kwenye nyumba ya wazee."

Kiangazi kizima Gunnvor alimgongea meza kwa kijiko: pigo moja zito, mawili mepesi. Mimi, jirani yake Oddleiv, niliwasikia dirishani. Sehemu mojamoja za jina Oddleiv alizitamka sawasawa. Alipoziunganisha, uzito uliteleza nyuma kama mzigo uliofungwa vibaya.

Siku ya jaribio, mimi na Gunnvor tukiwa pale, muuguzi alizungusha namba, akampa simu. Mpokeaji hakuwa ameambiwa jina.

"Uko wapi, baba?"

"O-sengen."

"Uko kitandani, sawa. Hicho kitanda kiko wapi?"

Akarudia polepole, na kadiri alivyojitahidi ndivyo kitanda kilivyozidi kusikika.

"Basi niambie jina lako la ukoo."

Oddleiv alitutazama, kisha akairudisha simu mahali pake taratibu.

Kondoo waliuzwa kabla ya theluji. Kule kwenye nyumba ya wazee aliacha kabisa kutamka maneno ya kuunganishwa, na lugha yao imejaa hayo: supu ya samaki, miwani ya kusomea, blanketi la sufu, kila kimoja kwao ni neno moja. Aliomba maji. Aliomba mkate. Vingine alikubali kuvikosa.