Betri Niliyoikaanga Juu ya Bati

Siku ya kwanza nilipomwona Mwamvua, fundi simu wa Katoro, alikuwa akitaniana na wateja wake, nikaona aibu kusogea. Lakini Asteria wa Didia alikuwa ameahidi kunipigia mchana ule aniambie kama atakubali nimuoe, na simu yangu ilikuwa ikizimika kila nikisema haloo.

"Unachajia wapi, kaka?" Mwamvua akaniuliza nilipompa simu.

"Juu ya bati, pembeni ya sola. Naiacha kutwa nikiwa shimoni nachimba dhahabu."

Wateja wakacheka. Mwamvua akaifungua, akanionyesha betri iliyovimba. "Betri yoyote huchoka. Kila ukichaji, dawa ya ndani inapungua nguvu kidogo. Ila joto huizeesha mapema, na wewe umeikaanga."

Akaweka nyingine. Haukupita muda simu ikaita. Nikabaki nimeishika tu, mpaka Mwamvua akanibonyezea, akaweka na spika. Kibanda kizima kikasikia Asteria akisema amekubali. Wakanipigia vigelegele.

Baadaye Mwamvua alihamia Runzewe. Asubuhi ya kuondoka alinipungia mkono akiwa kwenye bodaboda.

"Kaka, msalimie wifi. Ongeeni tu sana, betri ikichoka ndiyo kazi yake."