Mashine Yenye Jina Letu

Mkwe wangu hakuwa hata amefungua sanduku lake vizuri nyumbani kwetu wakati wanawake wa ukoo walipompachika jina la utani: Bisibisi. Walikuwa wamemkuta amelala chali sakafuni, kichwa kimeingia nyuma ya jokofu langu, akilinyamazisha lile guno lililotusumbua miaka. Wifi yake, binti yangu mkubwa, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, kaka ametuletea mke au gereji?"

"Ameniletea jokofu lisilonguruma," nikamjibu. "Wewe umeniletea nini leo?"

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa sayansi. Hakuacha majumba. Aliacha jina, na mpaka leo nikilitaja ofisini mtu huinuka kunipisha kiti. Kwa hiyo kila anayeingia katika familia hii ninamtazama kwa jicho moja tu: atalibeba, au atalitia doa?

Mkwe wangu ni fundi wa vifaa vya hospitali. Hospitali yao ilikuwa na mashine moja ya kupima kifua kikuu kwa vinasaba. Watu huliogopa neno hilo bure. Vijidudu vikiwa vichache kwenye makohozi havionekani kirahisi. Mashine huyapasha moto makohozi yaliyoandaliwa, ikayapoza, ikayapasha tena, na kila mzunguko vinasaba vya kijidudu vinazaliana, mpaka kile kilichojificha kinakuwa kingi kiasi cha kuonekana. Ile ya kwao ilitengenezewa vyumba vya ubaridi na umeme usiokatika. Hapa joto likipanda, inazima. Ikiharibika, kipuri kinasubiriwa mpaka wagonjwa wanachoka na kurudi makwao wakikohoa.

Siku ilipokufa kabisa, aliomba ruhusa aifungue. Akachukua moyo wake, ile sehemu ya kupashia moto, akaiundia mwili mpya wa bati, betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na feni kubwa ubavuni ya kuipoza. Sehemu ya kusomea majibu ilikuwa imeungua, hivyo akabuni njia rahisi: vichupa vikitoka kwenye moto vinafunguliwa, karatasi nyembamba inachovywa, na mstari ukitokea, ugonjwa upo. Alipomaliza aliniomba idhini aandike jina la baba mkwe wake ubavuni. Nilitoa idhini hiyo kwa moyo mweupe. Aliliandika kwa rangi nyeusi, kwa mkono uliotulia.

Pale maabara wana desturi yao. Katika kila mzunguko, pamoja na makohozi ya wagonjwa, wanaweka kichupa kimoja cha maji matupu. Wanakiita shahidi. Shahidi kazi yake ni kukaa kimya. Akitoa mstari, maana yake mashine inaona ugonjwa hata pale usipokuwapo.

Kwa majuma kadhaa shahidi alinyamaza, na daktari akaanza kuyaamini majibu. Kisha jioni moja mkwe wangu alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua koti la kazi.

"Mama, shahidi amesema."

"Amesema nini?"

"Ana kifua kikuu. Maji yana kifua kikuu, Mama. Na leo wagonjwa wote wanacho."

Wakaguzi wa wizara walikuwa njiani. Wakiikubali, mashine ingebaki na nyingine kama hiyo zingetengenezwa kwa hospitali za jirani. Wakiikataa, ingetupwa stoo, na watu wangerudi kusubiri kipuri. Mkuu wa maabara, mtu mwenye haraka ya kupanda cheo, alikuwa ameshampa ushauri wake: siku ya ukaguzi shahidi apumzishwe, wapimwe wagonjwa wanaojulikana kuwa wagonjwa, na kila mtu aende nyumbani na furaha.

Binti yangu alikuwa amekuja kunisalimu. Akaweka kikombe chini.

"Wifi, usijisumbue. Chukua msasa, futa jina. Ikiaibika, iaibike yenyewe. Tusije tukaitwa ukoo wa waongo."

"Jina halifutwi," nikasema. "Linalorekebishwa ni bati."

Mkwe wangu alinitazama. "Na ukaguzi?"

"Baba mkwe wako aliwahi kumsahihishia mwanafunzi kazi akaacha jibu la uongo lipite?"

"Mimi sikumkuta, Mama."

"Basi mimi nilimkuta. Hapana."

Akainuka, akanawa uso, akarudi kazini.

Alibadilisha maji. Akabadilisha glavu, dawa, vichupa. Akasugua kila meza. Shahidi aliendelea kusema. Mwisho akaniomba poda ya mtoto, ile ninayoitunzia wajukuu. Akaenda kuinyunyiza kidogo pale mezani vichupa vinapofunguliwa, akatandika kitambaa cheusi kwenye meza ya pili, kule yanakoandaliwa makohozi mapya, akafunga madirisha na kuwasha mashine. Baada ya muda kile kitambaa cheusi kilikuwa na mvi.

Ilikuwa feni. Feni yake mwenyewe, aliyojivunia. Fundi wa mashine huwazia joto. Hakuwazia upepo unabeba nini. Kila kichupa kilipofunguliwa, vinasaba vilivyozaliana humo vilipanda hewani, na feni ikavisukuma mpaka kwenye vichupa vya watu wasioumwa. Mashine haikuwa kipofu. Ilikuwa inaona vizuri mno kile ilichojipulizia yenyewe.

Wakaguzi walipofika, wakiongozwa na mama mmoja mwenye miwani kifuani, walimkuta ameketi katikati ya vyuma.

"Mashine iko wapi?" yule mama akauliza.

"Hii hapa. Na hii. Na kile dirishani ni kifuniko chake."

Mkuu wa maabara alikohoa kwa namna ya mtu anayetamani apimwe yeye. Mkwe wangu akaeleza yote, poda na feni na maji, hakuacha neno. Yule mama akavaa miwani.

"Ungeweza kutuficha."

"Ningeweza. Ila imeandikwa jina la watu."

Hawakutia sahihi. Walisema watarudi, na mkuu wa maabara alikuwa na hakika hawarudi.

Makohozi yote yaliyopimwa yalipelekwa hospitali kubwa yapimwe upya. Kati ya majibu yaliyokwisha kutolewa kabla shahidi hajasema, mengi yalisimama. Moja lilianguka: la fundi cherehani mmoja, aliyekwisha kuanza dawa na kuhamia chumba cha uani, asile na wanawe. Daktari alitaka kumtuma muuguzi. Mkwe wangu alikataa, akaenda mwenyewe mpaka kwenye cherehani yake.

"Huumwi, kaka. Aliyekosea ni mimi, si wewe wala daktari."

Yule mtu alishona mshono mpaka mwisho, akakata uzi. "Dada, unajua mwanangu mdogo ananipungia mkono dirishani kama nimesafiri?"

"Sikujua. Nimekuja usafiri uishe."

Yule mtu alimtukana kidogo, naye mkwe wangu akasikiliza. Ilikuwa haki yake.

Kisha mkwe wangu akaijenga mashine upya. Safari hii vichupa havifunguliwi kamwe. Rangi inayong'aa inawekwa mwanzoni, kifuniko kinabanwa, na chini yake ametoboa kijidirisha chenye taa ya bluu na kioo cha rangi ya chungwa. Kijidudu kikiwapo, kichupa kinang'aa kikiwa kimefungwa vilevile. Upepo wa feni unatoka kwa bomba mpaka nje ya ukuta.

Yule mama wa miwani alirudi, na chupa ya maji aliyoijaza kwake. "Shahidi wangu nimemleta mwenyewe," akasema. Mkwe wangu akayaingiza bila kusita, akayaweka katikati ya vichupa vya wagonjwa wawili. Mwishoni vile viwili viling'aa kama macho ya paka. Cha katikati kilikuwa giza tupu.

Yule mama akatazama tena kwa jicho la pili, kisha akaomba kalamu.

Nilialikwa kuiona. Herufi ya kwanza ya jina letu imekwanguka, pale bisibisi ilipoteleza wakati wa kufungua. Binti yangu alijitolea kuleta rangi.

"Iache," nikamwambia. "Na huyo, tangu leo, mwite wifi, mwite fundi, mwite unavyotaka. Lakini ukimwita Bisibisi, useme kwa heshima."